Tonge la Kwanza ni la Mwalimu

Walimu wenzangu mnaobaki na watoto wa darasa la awali, mmeniomba niandike machache kabla sijasahau, kwa kuwa mnajua ninavyosahau. Vyeo vyangu sitavieleza. Havikuwa vingi, na vilivyokuwepo vilichelewa. Nitawaandikia habari za kula. Nimefundisha irabu kwa watoto wengi wa Newala na Masasi, na wengi wao walizisahau likizo ya kwanza tu. Jinsi ya kukaa mbele ya chakula hawakuisahau. Hata ugomvi mkubwa kuliko wote nilioupata kazini haukuwa wa kusoma wala kuandika. Ulikuwa ugomvi wa sinia la ugali.

Hakuna mwaka uliopita bila mzazi mmoja kuniuliza kuna haja gani ya kuwafundisha watoto wadogo adabu za kizamani za kula. Kunawa kwa zamu, kumsubiri mkubwa aanze, kula upande wako, kutogusa kitoweo mpaka ugawiwe. Si wale tu washibe? Ni swali zuri na sijawahi kumkasirikia aliyeniuliza, isipokuwa mmoja, ambaye mtamkuta mbele.

Mimi ni mzaliwa wa Lupaso. Kazi yangu ya kwanza nilipangiwa shule moja upande wa Mkunya, nikapanda mlima na sanduku la bati, godoro, na viatu vya kisigino ambavyo mchanga wa Newala uliniamuru nivivue siku hiyo hiyo. Nikakabidhiwa chumba kisicho na dari, watoto wasio na madaftari, na Mwalimu Hadija. Mwalimu Hadija alikuwa mama mfupi wa pale pale, sauti yake ndogo, na alitembea na mfuko wa ukili ulionishangaza. Ndani yake mlikuwa na kata ya kuchotea maji, kipande cha sabuni ndani ya wavu, na kitambaa safi.

"Chaki watakupa," aliniambia. "Hivi hawakupi. Tafuta vyako."

Nilivitafuta, na kata ile ninayo hadi leo. Mliokaa Newala mnajua maji kule si kitu cha kumwaga ovyo. Majumbani watu walinawa katika beseni moja. Alianza babu, wakafuata baba na wajomba, na mtoto mdogo wa mwisho alikuwa ananawa kwenye supu. Mwalimu Hadija hakuigusa heshima ile, aliigeuza kidogo tu. Mkubwa alinawa kwanza, lakini maji yalimiminwa kwa kata, na mmiminaji alikuwa mtoto mwenyewe. Zamu yake ilipofika alimiminiwa na mwenzake maji yale yale safi. Yaliyoanguka kwenye beseni yalikwenda kwenye mpapai wa nyuma ya darasa, na mpapai ule ulizaa vizuri kuliko mipapai yote ya shule. Miaka mingi baadaye tuliitwa semina ya siku nzima kufundishwa kumimina maji, tukapewa na soda.

Wakati wa Mwalimu Hadija watoto walikunywa uji tu, kila mmoja na kikombe chake. Alipostaafu akaniachia darasa, na baada ya muda wazazi wa kijiji wakakubaliana watoto wa awali wapate chakula kamili cha mchana. Kila nyumba ilileta kwa uwezo wake, unga wa muhogo, mbaazi, kunde, kisamvu. Sahani hazikutosha, tukala kwa masinia, jambo ambalo mimi nililifurahia. Nikawafundisha watoto yote niliyolelewa nayo. Mwalimu mkuu wetu, mtu mwangalifu sana, akaweka sharti moja: mwalimu yeyote asiguse chakula kile.

"Mzazi akikukuta na tonge mdomoni," alisema, "kesho hatuna unga."

Alikuwa na haki. Ule ulikuwa mwaka wa mavuno mabaya, na watu waliokuwa wanachangia walikuwa wanajinyima. Basi wakati wa chakula mimi nilisimama mlangoni, mikono nyuma, kama mlinzi wa ghala. Nilisema "Kuleni!", wakala.

Mwaka ule ndipo akaja Somoe. Alikuwa na umri wa miaka mitano, akiishi na bibi yake mzaa mama, kwani mama yake alikuwa Mtwara mjini akifanya biashara ndogo ndogo. Akiamkia, anapiga goti. Akipewa kitu, anapokea kwa mikono miwili. Hakukaa mbele ya mkubwa mpaka aambiwe kaa. Nilimpenda tangu siku ya kwanza, nikasema moyoni, hii ndiyo nyumba iliyolea.

Ila Somoe hakula. Wenzake walilizunguka sinia, yeye akakaa upande wake, miguu ameikunja vizuri, mikono mapajani, akiniangalia. Sinia likaisha. Nikamwita.

"Somoe, mbona huli?"

"Nimeshiba, Mwalimu."

Siku iliyofuata ilikuwa hivyo hivyo, na iliyofuata tena. Mboga tulibadilisha, alishiba. Nilimhamishia sinia la wasichana peke yao, alishiba. Mashavu yakaanza kuingia ndani. Akawa analala juu ya dawati kabla ya saa sita, kisha siku moja tukiwa uwanjani tunaimba akaanguka. Nikambeba hadi nyumbani kwangu, nikampa uji wenye sukari. Macho yake yalikuwa kwenye kikombe, na mdomo wake ukasema, "Nimeshiba." Nilimpeleka zahanati. Mganga akampima, akanirudishia na kuniambia hakuna malaria wala minyoo, mtoto ana njaa, nimpe chakula. Nilitamani kumuuliza anadhani nampa mawe.

Kesho yake bibi alikuja shuleni. Alikuwa mama mrefu aliyenyooka, khanga ameifunga kifuani, wala hakukubali kukaa.

"Shikamoo, bibi," nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuuliza neno moja. Unga naleta. Kunde naleta. Mjukuu wangu anarudi nyumbani na njaa ya mtu aliyekuwa analima. Chakula kinakwenda wapi?"

"Bibi, nampa, anasema ameshiba."

"Mtoto anayesema ameshiba haanguki. Ijumaa ikipita namtoa. Atakaa na mimi, kusoma atajifunza akikua."

Mnaofundisha vijijini mnajua maana ya "akikua". Mtoto wa kike aliyetolewa awali kwa namna ile, mara nyingi hurudi shule amechelewa na anaona haya kukaa na wadogo, au harudi kabisa. Nililia siku ile. Sioni aibu kulisema. Kichwa kizuri kile kilikuwa kinanitoka mikononi, na sikujua kwa nini.

Mwalimu Hadija alizoea kusema kuwa mtoto asipoeleweka darasani, mfuate kwao. Alhamisi baada ya vipindi nikaenda. Nilimkuta bibi anasonga ugali wa makopa ya muhogo, na kabla sijatoa hoja yangu alikwisha kutandika mkeka. Chakula kikaletwa, ugali mweupe na kisamvu cha nazi. Somoe akachukua kata na beseni, akapiga goti, akaninawisha mimi, kisha bibi yake. Mwisho bibi akamnawisha yeye. Tukakaa.

Hakuna aliyekula. Mimi nilikuwa mgeni, nikamsubiri mwenyeji. Bibi alikuwa mwenyeji, akamsubiri mgeni. Ugali ukawa unatoa moshi, baadaye ukaacha kutoa moshi. Nikamtazama Somoe. Amekunja miguu, mikono mapajani, macho anayahamisha kutoka kwangu kwenda kwa bibi yake na kurudi kwangu. Ni kikao kile kile, na macho yale yale ya shuleni! Nikakata tonge, nikachovya, nikatia mdomoni. Bibi naye akakata. Ndipo mkono wa Somoe ukatoka pajani, na jinsi alivyokula siku ile, Mungu anisamehe, nilisahau kutafuna changu.

"Bibi," nilimwambia, "kumbe anasubiri mkubwa aanze."

"Sasa aanze yeye?" Bibi alishangaa. "Mtoto?"

"Shuleni sisi wakubwa hatuli."

"Hamli? Mnawatengea watoto chakula halafu mnawasimamia?" Alitikisa kichwa. "Nnungu wangu. Hivyo hata mbwa hafanyiwi."

"Na uji niliompa kwangu? Pale hapakuwa na sinia."

"Ulimkaribisha mara ngapi?"

"Mara moja."

Bibi alicheka, mara ya kwanza tangu nimfahamu. Akanieleza alivyomlea. Kwa watu hatuonyeshi njaa. Ukikaribishwa, mara ya kwanza unasema nimeshiba, na mwenyeji anayekutaka kweli atakukaribisha tena. Mimi mwenyewe nimelelewa hivyo, nyote mmelelewa hivyo. Ila hakuna aliyemwambia Somoe kwamba mwalimu mwenye watoto darasa zima hana muda wa kukaribisha mara mbili. Wenzake walikuwa wamekwisha kuvunja adabu kwa njaa, kama watoto wanavyovunja. Yeye alikuwa ameishika, na ilikuwa inamuua.

Bibi hakubadilisha neno lake. Alisema atangoja mkutano wa wazazi wa Ijumaa, aone.

Ijumaa ile mchana sikusubiri mkutano. Nilikaa kwenye jamvi, nikanawishwa, nikakata tonge dogo, dogo kuliko la mtoto, nikala. Somoe akala. Nilitamani kuruka. Nilipoinua macho nikamwona Baba Brayani dirishani.

Baba Brayani aliwahi kukaa Dar es Salaam, akarudi kufungua duka la vipuri vya baiskeli. Alikuwa na sauti kubwa, na alipenda kuitumia. Mkutano ulipofunguliwa tu akasimama.

"Ndugu wazazi, mimi sipendi kuzunguka. Mwalimu anakula chakula cha watoto. Nimeona kwa macho yangu."

Kelele ziliinuka. Mwalimu mkuu aliinamisha kichwa, na nilijua anachokiwaza. Baba Brayani akaendelea, na hapa lazima niwe mkweli, hoja zake hazikuwa za mpumbavu. Alisema tunawafundisha watoto woga na kuuita adabu. Alisema katika sinia mwenye mkono mwepesi anashiba na mpole anabaki anatazama, na mfano tunao, mtoto ameanguka uwanjani. Alitaka sahani na kijiko kwa kila mtoto, kila mmoja ale akisikia njaa, na mambo ya kusubiriana yaishie kwa mababu huko huko.

Nilisimama nikaeleza habari ya Somoe. Wengine walielewa, wengine walisema ni hadithi ya mwalimu aliyefumaniwa na tonge. Tulibishana hadi watoto wa awali, waliobaki wakisubiri wazazi wao, wakaanza kulia njaa. Mpishi aliniangalia. Kulikuwa na unga wa akiba, nikamwomba asonge. Chakula kilipofika niliomba jambo moja tu, kila mzazi akae na watoto kwenye sinia lolote lililo karibu naye. Walikaa, kwa sababu ugali ukishafika mbele ya mtu wa kwetu hata mkutano unajua kuahirishwa.

Baba Brayani naye alikaa, ila hoja hakuiacha. Aliendelea kumweleza jirani yake habari ya sahani, mikono hewani. Kwenye masinia mengine wakubwa walianza na watoto wakafuata. Kwenye sinia lake watoto walikuwa wametulia, mikono mapajani, wote wanamtazama yeye. Mwanawe Brayani alikuwa wa kwanza kwa kumtazama.

"Baba," mtoto alinong'ona, "anza."

"Subiri, naongea."

Somoe alikuwa sinia la pili na bibi yake. Alinyanyuka, akachukua kata na beseni, akapiga goti mbele ya yule baba.

"Baba, nawa."

Akamimina. Mtu hawezi kuendelea kuhutubia huku ananawishwa na mtoto, mikono haimruhusu. Baba Brayani alitazama maji, akatazama watoto mmoja mmoja, na sauti yake ikapungua.

"Kumbe wananisubiri mimi?" aliuliza.

"Ndiyo, Baba," Somoe akajibu.

Akala tonge. Watoto wa sinia lile walishuka kwenye ugali kama kuku waliomwagiwa mtama, na watu wakacheka, yeye akiwa wa kwanza. Ila nilimwona anajifuta macho kwa mgongo wa mkono, na si kwa sababu ya moshi.

Tulipomaliza bibi yake Somoe alisimama. Hakuhutubia mkutano. Alimshika mjukuu wake bega.

"Somoe, nisikilize. Hapa si kwa watu. Hapa ni kwenu. Kwenu mtu akisikia njaa anasema nina njaa. Umesikia?"

"Nimesikia, bibi."

"Sema."

Mtoto aliangalia chini. "Nina njaa," alisema, na ndiyo kwanza amemaliza kula. Watu walipiga vigelegele.

Tulielewana hivi. Kila siku mzazi au bibi au babu mmoja atakuja kukaa na watoto na kuanza chakula, ili mwalimu asisingiziwe na watoto wasisubiri hewa. Baba Brayani alipata nusu ya haki yake, nayo ilikuwa nusu nzuri. Ugali ulibaki kwenye sinia, lakini mboga ikatiwa katika bakuli la kila mtoto, hivyo mwenye mkono mzito naye akapata. Kugawa nyama hakukutusumbua, kwa sababu nyama haikuwepo. Baba Brayani mwenyewe alikuwa haishi kuja. Alikuja hata siku zisizo zake, na alikuwa anaanza kwa tonge kubwa. Jumatatu Somoe aliletwa na bibi yake hadi mlangoni. Hakutolewa tena.

Miaka yangu ya mwisho mnaijua, maana wengi wenu ndipo mliponikuta, nilipohamia mjini Masasi, tukakaa nyumba za Mkomaindo. Watoto wa mjini wanakuja na hotipoti. Kila mmoja anafungua chake, anajikunja juu yake, anakula akiutazama ukuta. Niliwageuza wakatazamana, hiyo tu ilinichukua muhula mzima. Nikawafundisha kunawishana, kumngoja aliyechelewa kufungua mfuniko, kusema karibu na kumaanisha. Mama mmoja kijana aliniuliza kama haya hayajapitwa na wakati. Nikamwambia aje ale nasi siku moja. Alikuja, akakaa kwenye kile kiti kidogo, watoto wakamsubiri aanze. Hakuniuliza tena.

Basi mkiniuliza kama tuwafundishe wadogo adabu za kula, nawaambia wafundisheni, lakini msisimame mlangoni. Adabu ile haikutungwa kwa ajili ya mtoto peke yake. Inamtaka mtoto asubiri, na inamtaka mkubwa aje, akae chini, aanze, aache kipande kizuri kwa ajili ya mdogo. Mkubwa asipokuwepo, mtoto mwema ndiye anayelala na njaa, na yule mwenye vurugu anashiba. Mkiona shule ambayo mtoto mpole anakonda, angalieni kwanza nani anakaa naye. Na yule asemaye ameshiba, mkaribisheni mara ya pili. Mkiweza, ya tatu.

Sasa nimerudi Lupaso, kwenye mikorosho ya baba yangu. Wanangu wako mbali na mwenzangu alishatangulia. Nawaambieni kitu ambacho hawakukigusa kwenye semina ya kujiandaa kustaafu: kula peke yako ni kazi ngumu. Nilikuwa nasonga ugali, naukalia, nauangalia mpaka unapoa, halafu nampa kuku. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nimezoea macho yale yanayonisubiri, na sasa hakuna wa kumwanzia.

Msimu huu wa korosho alikuja mgeni. Somoe, mama mzima sasa, anashona nguo Newala mjini, amekuja na binti yake wa miaka minne. Aliona nilivyopungua. Alivua viatu, akaingia jikoni kwangu, akasonga ugali, akapika kunde kwa nazi, akatandika mkeka. Binti yake akaletewa kata, ile ile, akaninawisha, maji mengine yakaniingia mkononi na mengine kwenye gauni. Tukakaa watatu.

Nilikuwa na mengi ya kumuuliza Somoe. Nilimuuliza habari za bibi, ambaye ni mzee sana na bado hakubali kukaa akiwa na neno la kusema. Nilimuuliza habari za cherehani. Nilikuwa naongea, naongea, kama Baba Brayani. Ndipo nikasikia kisauti pembeni.

"Bibi, anza basi. Mimi nina njaa."

Kwenye nyumba ya watu! Somoe alishtuka, mkono wake ukaenda kwenye paja la mtoto kumfinya, kama sote tulivyofinywa. Haukufika. Alinitazama, mimi nikamtazama, na mkono ule ukageuka ukampapasa mtoto mgongoni.

"Umesikia, Mwalimu," alisema. "Hapa ni kwao."

Ugali ulikuwa bado wa moto, unaunguza vidole. Nikakata tonge, nikachovya, nikala.